Chai Chini ya Beseni

Mwezi wa kwanza, wiki ile matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalipotoka, nilidanganya kuhusu embe. Embe moja tu. Naliandika jambo hili hapa kwa sababu nimelibeba muda mrefu, na kwa sababu nadhani si mimi peke yangu ninayelibeba hapa Kakuma.

Ilikuwa hivi. Binti yangu alifaulu. Hakupata alama za kutangazwa redioni, lakini alifaulu, na kwa mtoto aliyesomea kwenye darasa ambalo ukichelewa unakaa chini, nikaona lazima tufanye kitu. Nyama hatuwezi. Soda za watu watano ni pesa nyingi. Nikasema basi, nitatengeneza chai ya baridi yenye matunda, ile aliyokuwa akitutengenezea mama yangu kule Uvira wakati wa maembe, sisi watoto tumekaa kivulini tunaangalia ziwa. Jua la mwezi wa kwanza hapa kwetu halihitaji maelezo. Saa nne asubuhi mabati yanaanza kulia, saa sita hata mbuzi wameacha kutembea.

Saa sita hiyo jagi lilikuwa tayari juu ya meza: chai nyekundu, vipande vya embe, ndimu, na barafu ikielea. Watoto wamekaa kwenye mkeka na vikombe vyao mikononi. Ndipo nikasikia, "Hodi hapa."

Tulikuwa tumeambiwa kwamba watu wa tathmini watapita kwenye bloku yetu, ila hatukuambiwa siku. Mnajua siku hizi msaada wa chakula unagawanywa kwa makundi ya uhitaji: kuna kundi linalopata zaidi, kuna linalopata kidogo, kuna lisilopata kabisa. Kwa hiyo hodi kama ile si hodi ya kawaida.

Mkono wangu ulitangulia kabla ya akili. Nikachukua beseni la kufulia, nikalifunika jagi, nikatupa kitenge juu yake. Watoto wakaficha vikombe nyuma ya migongo bila hata kuambiwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hawakuhitaji kuambiwa.

Akaingia dada mmoja kijana, tableti mkononi, mpole sana. Akakaa pale nilipomwonyesha, akaanza.

"Mama, kwa siku 7 zilizopita, mmekula nafaka siku ngapi?"

"Saba."

"Maharage au dengu?"

"Nne."

"Nyama, samaki, mayai?"

"Sifuri."

"Maziwa?"

"Sifuri."

"Matunda?"

Hapo hapo barafu ikapasuka chini ya beseni. Mnaijua sauti ile: tak! Halafu vipande vikagongana.

"Sifuri," nikasema.

Yule dada akainua macho, akaangalia beseni, akarudisha macho kwenye tableti, akaandika. Hakusema neno. Aliuliza maswali mengine kwa muda wa nusu saa hivi, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.

Nilipolifunua jagi barafu ilikuwa imekwisha. Tukanywa chai ya uvuguvugu. Binti yangu, mwenye sherehe yake, akashika kikombe muda mrefu bila kunywa. Kisha akaniuliza, si kwa ukali, kwa kutaka kujua tu: "Mama, hii chai tuliiba?"

Nilimjibu kwamba aache maneno mengi anywe. Lakini swali lake halikunywewa. Nimekaa nalo, na hapa chini najaribu kulijibu kama nilivyopaswa kulijibu siku ile.

Kwanza niseme jagi lilikuwa na nini, kwa sababu huwezi kumhukumu mtu kwa kitu usichokijua.

Kwa watu watano nachemsha nusu lita ya maji. Yakishachemka nayatoa motoni, natia vijiko vinne vya majani ya chai na kipande cha tangawizi kilichopondwa, nafunika kwa dakika tano hivi. Sichemshi majani kama tunavyofanya kwa chai ya maziwa. Majani yakikaa motoni muda mrefu chai inakuwa chungu, na uchungu huo unaonekana zaidi ikishapoa. Nachuja, natia sukari hapo hapo ikiwa moto, kwa sababu kwenye chai ya baridi sukari inashuka chini na kukaa kama mchanga. Halafu naongeza lita moja ya maji yaliyochemshwa jana yake na kupoa. Nakata embe vipande vidogo, nakamulia ndimu mbili. Ukitia ndimu utaona chai inabadilika rangi, inakuwa nyepesi kama asali. Watoto wanapenda kuangalia hapo. Maziwa usitie kabisa, yatakatika kwa ndimu. Msimu wa maembe ukiisha natumia nanasi au pasheni, na ndimu zikipanda bei natumia ukwaju, maana mti huo unaota kwenye kingo za mito huku Turkana.

Barafu nayo ina habari yake. Sinunui barafu nisiyojua maji yake yalikotoka. Nampelekea mwenye duka kopo langu la mdomo mpana, lina maji niliyochemsha mwenyewe, ananiwekea kwenye friza yake mpaka asubuhi, nampa shilingi 20. Watu wanafikiri baridi inaua wadudu. Haiui. Mdudu wa kipindupindu anaweza kukaa kwenye barafu akisubiri tu iyeyuke kwenye kikombe chako. Na nyongeza moja kwa akina mama wenye mimba na wale walioambiwa wana upungufu wa damu: chai, ya moto au ya baridi, inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga. Kwa hiyo usinywe pamoja na chakula, subiri saa moja au mbili. Ndimu yenyewe ni rafiki wa damu, ukiikamulia kwenye mboga.

Sasa hesabu. Barafu shilingi 20, embe 20, ndimu 10, sukari kama 15, majani kama 5. Jumla 70. Kwa watu watano, kila mtu shilingi 14. Pesa hiyo ilitoka kwenye maandazi ninayouza karibu na shule. Sikuiba. Kwa maana ya sheria, jibu la binti yangu lilikuwa rahisi: hapana.

Lakini hakuniuliza kwa maana ya sheria.

Jirani yetu, mzee mmoja ambaye aliingia kambi hii mapema sana, miaka ya tisini, nilimsimulia mambo haya. Nilitegemea atanicheka. Hakunicheka. Akaniambia, "Binti yangu, shilingi 70 ni unga." Nikamwambia, mzee, ni unga usiofika hata kilo. Akasema, "Ndiyo, lakini kuna nyumba hapa nyuma yako ambayo siku ile haikuwa na huo usiofika kilo. Chakula cha msaada hakitoshi. Kikienda kwako hakiendi kwao. Sasa wewe unasema sifuri, na wao wanasema sifuri, nani atajua sifuri ipi ni sifuri?"

Naomba msilipite neno hili haraka, maana mimi mwenyewe nilitaka kulipita. Ni rahisi kumjibu mtu wa ofisi. Ni vigumu kumjibu jirani. Mzee hakusema nisinywe chai. Alisema kwamba nikidanganya, siidanganyi tableti, namdanganya mama wa nyumba ya nyuma. Katika hilo ana haki, na sina cha kumjibu. Nilikosa.

Ila katika maneno yake kuna mambo mawili, nami nataka kuyatenganisha. La kwanza: kudanganya kuhusu embe ni kosa. La pili: kula embe ukiwa mtu wa msaada ni kosa. La kwanza nalikubali. La pili silikubali, na nadhani ni lile la pili lililonisukuma kufanya lile la kwanza. Ningekuwa naamini moyoni kwamba nina haki ya kunywa chai ile, nisingeificha.

Kabla ya kukimbia nilisoma uchumi miaka miwili Bukavu. Mengi nimesahau, lakini kuna jambo moja la Adam Smith ambalo halijanitoka. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1776 aliuliza mahitaji ya lazima ni yapi. Hakusema ni chakula na maji tu. Alisema ni pamoja na vitu ambavyo, kwa desturi ya nchi, hata mtu wa chini kabisa huona aibu kuvikosa. Akatoa mfano wa shati la kitani. Wagiriki na Warumi wa kale hawakuwa nalo na waliishi vizuri tu, lakini katika sehemu kubwa ya Ulaya ya wakati wake kibarua angeona haya kutokea mbele za watu bila shati hilo. Kwa hiyo shati lile ni la lazima, hata kama mwili unaweza kuishi bila hilo. Huyu ndiye mtu ambaye wafanyabiashara wa dunia nzima wanamwita baba yao, na hata yeye alijua kwamba aibu ni sehemu ya uhitaji.

Na kitu cha anasa hakikai mahali pamoja. Chukua barafu. Mwaka 1833 meli ilifika Calcutta kutoka Boston, Marekani, imebeba barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya huko wakati wa baridi, ikasafiri miezi minne baharini. Mwenye biashara aliitwa Frederic Tudor. Wanunuzi walikuwa hasa Waingereza waliotawala pale, waliotaka vinywaji vyao viwe baridi kwenye joto la India. Miaka sabini hivi baadaye, kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis ya mwaka 1904, watu wa kawaida waliokuja kutembea kwenye joto walikuwa wakinywa chai ya barafu. Ilikuwa inajulikana kabla ya hapo, vitabu vya mapishi vya Marekani vilishaiandika, lakini maonyesho yale yaliieneza. Leo kuna nchi ambako ukienda kula hotelini unaletewa barafu bila kuomba. Kitu kile kile. Kilikuwa cha mabwana, kikawa cha watu wa sherehe, kikawa si kitu. Sasa niambieni, kinapofika Kakuma kwa shilingi 20, kwa nini kirudi kuwa cha mabwana?

Mtu atasema: kwa sababu wewe hununui kwa pesa yako yote, wengine wanakulisha. Ni kweli. Nami nashukuru, bila kejeli. Lakini tuangalie shukrani hiyo inadai nini. Inadai nisiuze msaada ili nilewe. Sawa. Inadai niseme ukweli nikiulizwa. Sawa. Je, inadai pia nisionekane nikifurahi? Inadai mwanangu akifaulu tukae kimya mpaka wageni wapite? Wazee husema maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Ubaya wa methali hiyo ni kwamba baada ya muda maskini mwenyewe anaiamini. Binti yangu aliiamini akiwa na miaka kumi na tisa, kikombe mkononi, siku ya furaha yake.

Nadhani hapa ndipo jibu lilipo. Kuwa na uhitaji ni jambo moja. Kuonekana mhitaji kila saa ni jambo jingine, na hilo la pili si deni la mtu yeyote. Mgonjwa anayecheka kitandani hajapona. Mwenye msiba anayekula hajamsahau marehemu. Na nyumba yenye jagi la chai ya baridi siku moja ya mwezi wa kwanza bado ni nyumba inayokula mara moja kwa siku, siku nyingine zote. Mambo yote mawili ni kweli, tena kwa wakati mmoja. Uongo wangu ulikuwa ni kufikiri kwamba lazima nichague moja la kuonyesha.

Sasa ninyi mnaobeba tableti, na najua baadhi yenu mnasoma jarida hili, msidhani nawalaumu. Kazi yenu naiona. Mmepewa chakula kidogo na watu wengi, mkaambiwa chagueni. Hamwezi kuingia moyoni mwa mtu, mnaingia chumbani mwake, mnahesabu sufuria, mnaangalia paa. Na kuna watu wanaoficha mengi zaidi ya embe, hilo tunalijua sote. Ninachoomba ni kidogo. Mkiona kitu kizuri kwenye nyumba ya mtu, kitambaa cha meza, redio, mtoto aliyesukwa vizuri, jagi lenye barafu, msikichukue kama shahidi aliyekuja kumshtaki. Ulizeni. "Mama, leo kuna nini?" Ningeulizwa hivyo, naamini ningesema: binti yangu amefaulu. Naamini, siapi.

Miezi kadhaa baadaye walirudi kwa ufuatiliaji. Hakuwa yule dada wa kwanza, alikuwa mwingine, mtu mzima kidogo, jasho linamtoka, viatu vimejaa vumbi la laga. Siku hiyo kwa bahati nilikuwa nimetengeneza chai, bila barafu, ila ya baridi kwa njia ambayo nitaieleza. Sikufunika kitu. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa mwizi.

"Matunda, kwa siku 7 zilizopita?"

"Siku moja," nikasema. "Nanasi. Kwenye hiyo chai unayoiona."

Akaandika 1. Akaendelea na swali linalofuata.

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu yote: tarakimu moja kwenye mstari wa maswali mengi. Hamtasikia kutoka kwangu tuliwekwa kundi gani mwisho wake. Nikisema tulipata zaidi, mtasema ukweli unalipa. Nikisema tulipunguziwa, mtasema afadhali angefunika. Yote mawili yangetupotezea swali lenyewe. Ukweli niliusema kwa sababu ya mama wa nyumba ya nyuma, na kwa sababu binti yangu alikuwa amekaa pale akisikiliza.

Alipomaliza nikammiminia kikombe. Akakisukuma kwa upole. "Asante sana, mama, lakini haturuhusiwi kupokea kitu tukiwa kazini."

Naielewa kanuni hiyo. Leo kikombe cha chai, kesho kuku, keshokutwa jina linapanda kwenye orodha. Ni kanuni ya kumlinda mama asiye na chai ya kutoa. Mimi nisingeifuta. Lakini niruhusuni niseme inavyouma upande wa pili. Kwetu mgeni hatoki nyumbani na koo kavu. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi miaka hii yote nimekuwa mgeni: nimepokea turubai, sabuni, jerikeni, unga, mbegu za bamia, ushauri. Siku nikipata kitu cha kumpa mtu, kanuni inasema hapana. Unabaki mtu wa kupokea tu, na mtu wa kupokea tu anakuwa mdogo, hata akishiba.

Nafikiri aliona usoni kwangu. Akarudisha kalamu yake, akasema, "Lakini naomba unielekeze unavyotengeneza. Nyumbani kwangu watoto wanakunywa soda kila siku, nimechoka." Akatoa daftari dogo, si tableti, akaandika: maji nusu lita, majani vijiko vinne, usichemshe. Akaniuliza kuhusu nanasi, kama maganda pia yanafaa. Nikamwambia yanafaa sana, yaoshwe vizuri, yachemshwe na tangawizi, halafu maji yake ndiyo unayotilia majani. Tulikaa dakika kumi nzima nikimfundisha. Alipotoka nilijiona mrefu. Hakuvunja kanuni, na mimi nilitoa kitu.

Nilisema nitaeleza baridi isiyo na barafu. Hii nilifundishwa na jirani yangu wa Sudan Kusini. Kwao wanatumia mtungi wa udongo ambao wanauita zir. Maji yanapenya polepole kwenye udongo, upepo mkavu unayachukua, na yanapoondoka yanaondoka na joto. Ndiyo maana hapa kwetu, penye jua kali na hewa kavu, mtungi unapoza vizuri kuliko kule Uvira penye unyevu wa ziwa. Kulikuwa na mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, ambaye miaka ya 1990 alieneza mtindo wa mitungi miwili: mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga unaoloweshwa maji, juu kitambaa kibichi. Wakulima walihifadhi nyanya na mboga zao kwa siku nyingi bila umeme. Mimi na jirani yangu tumeutengeneza wa kwetu, tumeuweka kwenye kivuli penye upepo. Haugandishi kitu, lakini chai ikikaa humo tangu asubuhi, saa nane inapita kooni ukafumba macho. Tunaimaliza siku hiyo hiyo, maana chai yenye matunda na sukari ikilala inachacha. Mchanga unaloweshwa kwa maji ya kuoshea vyombo, si ya kunywa. Mtungi ni wa nyumba mbili: yeye anatia karkade yake, mimi chai yangu. Gharama imeshuka kwa shilingi 20 za barafu, na hakuna cha kupasuka tak wakati wa maswali.

Na mzee? Nilirudi kwake. Nikamwambia, mzee, ulisema kweli kuhusu sifuri, nimeirekebisha. Lakini kuhusu unga sijakubali bado. Akasema, "Sikukukataza kunywa. Nilikuuliza uko wapi na jirani yako unapokunywa." Hilo ndilo nililolichukua. Sasa nikitengeneza jagi, kikombe cha kwanza kinavuka kwenda nyumba ya nyuma, kwa yule mama na watoto wake. Si msaada. Kikombe hakimshibishi mtu, nami sijidanganyi kwamba nimetengeneza haki kwa ndimu mbili. Siku ambazo jiko lao halikuwaka, sitengenezi chai, nawapelekea unga kidogo kama upo. Kuna siku haupo. Siku hizo hakuna falsafa ninayoijua inayofaa kitu, na ningekuwa mwongo mara ya pili nikisema ipo.

Yule mama naye wiki iliyopita aliniletea ukwaju kwenye karatasi, wa kutosha majagi matatu. Alisema hataki kunywa tu kila mara.

Binti yangu sasa anafundisha watoto wadogo hapa kambini, kazi ya posho. Jioni moja tumekaa nje, jua limeshuka, upepo umeanza, nikamwambia, "Unakumbuka uliniuliza kama tuliiba?" Akasema anakumbuka. Nikamwambia, "Hatukuiba chai. Niliiba embe moja kutoka kwenye karatasi ya maswali, na nimeshairudisha. Chai ilikuwa yako."

Akaniambia nimwongezee, na nisisahau vipande vya nanasi vilivyobaki chini.